Hedi ya baba, bloku ya Misungwi

Land Rover 109 ya marehemu baba ilikaa miaka sita nyuma ya nyumba, Nyakato, Mwanza, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka na rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Tukafungua: bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka.

Mafundi wawili walinishauri nifunge injini ya Toyota, yaishe. Sikutaka. Bila mngurumo ule ningebaki na bodi tu.

Misungwi nikapata nusu injini kwa mzee mmoja: bloku na krenki yake (shafti inayozungushwa na pistoni), hedi, kile kichwa cha juu cha injini, hana. Hapo ndipo ningeliwa pesa. Nilipanga kununua bloku peke yake, krenki niweke ya kwetu, ambayo nilishaipeleka kuchongwa. Injini zote mbili ni petroli, cc 2286, kwa nje ni mapacha. Fundi wangu akaipindua bloku, akahesabu kwa kidole makalio ya beringi, pale krenki inapokalia. "Tano. Ya baba yako ina tatu. Hii krenki haiingii humu, mwanangu." Kumbe injini hizi zilibadilishwa mwaka 1980, kutoka beringi kuu tatu kwenda tano. Nikanunua vyote viwili. Krenki ya kwetu iko uvunguni mwa kitanda mpaka leo, na kila nikifagia naigonga kidole.

Hedi ya baba ilikaa juu ya bloku ile bila ubishi. Roka shafti, ile inayobeba mikono ya kufungua vali, ilitoka gari la tatu, pistoni nikanunua mpya, ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo. Kabureta ya zamani ilivuja kwenye maungio kwa sababu uso wake umepinda. Tukatandika msasa juu ya kioo cha dirisha, tukaisugua kwa kuchora namba nane, polepole, mpaka uso wote ukang'aa sawasawa. Kazi ya kutwa nzima.

Nilichodharau ni spana. Gereji za kwetu zimezoea Toyota, ni milimita tupu, na injini hii ni ya inchi. Spana 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ila inacheza. Ukiikaza kwa hasira inakula kona. Nikatafuta seti ya inchi ya mtumba. Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, niliazima: hedi paundi-futi 65, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Tepeti zote nane, yaani nafasi ya vali, inchi 0.010.

Siku ya kuwasha nikazungusha hendeli. Paa! Moto ukarudi kupitia kabureta, nyusi za kijana wa gereji zikanuka. Waya za plagi nilizipanga 1-2-3-4, kama mtoto wa chekechea, wakati mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Fundi wangu hakusema neno, alizihamisha tu. Mzunguko wa pili ikashika.

Jumapili niliipandisha kilima cha Bugando kwa gia ya pili, haikukohoa. Sili ya nyuma ya injini inadondosha oili, matone mawili matatu kwa usiku; nimeweka kopo. Mama bado amegoma kupanda. Anasema kiti kinanuka kuku.