Safari ya baiskeli msituni: hesabu saa kabla ya kilomita

Wengi wanaopanga kuongoza kundi la waendesha baiskeli za milimani huanza na ramani, wakatafuta mzunguko unaopendeza, kisha wakatangaza urefu wake: kilomita 28. Namba hiyo ndiyo inayowaponza. Barabarani kilomita 28 ni asubuhi moja nyepesi. Kwenye kijia cha msituni chenye mizizi, matope na kona za kujikunja, ni kazi ya kutwa, na kundi la watu wanane huenda kwa mwendo wa yule aliyesimama kurekebisha glavu.

Hesabu ninayoiamini ni hii. Chukua kilomita 10 kwa saa kama mwendo wa tambarare ya msituni kwa watu wa uwezo wa kawaida. Ongeza saa moja kwa kila mita 450 za kupanda. Kwa mzunguko wa kilomita 28 wenye mita 700 za kupanda, hiyo ni saa 2 na dakika 48, kisha saa 1 na dakika 33, jumla saa 4 na dakika 20 hivi. Juu yake weka dakika 10 kwa kila saa kwa ajili ya kukusanyika na kunywa maji, dakika 40 za chakula, na dakika 30 za uharibifu mmoja ambao lazima utatokea. Sasa safari imekuwa ya urefu wa saa 6 na robo. Ukianza saa tatu asubuhi, utatoka msituni saa tisa na robo alasiri, na hapo hakuna aliyeanguka wala aliyechoka kupita kiasi.

Urefu wenyewe nao una walakini. Chini ya miti mirefu, hasa majani yakiwa yamelowa, mawimbi ya GPS hudhoofika na kugongana na matawi, hivyo mstari uliorekodiwa huyumba huku na huko. Na kifaa kinachorekodi nukta chache hukata kona zote, kijia chenye mikunjo mingi kikaonekana kifupi kuliko kilivyo. Kipima mwendo cha kwenye gurudumu hukaribia ukweli zaidi. Kama huna, ongeza sehemu moja ya kumi ya urefu ulioandikwa kwenye ramani. Ramani ipakuliwe kwenye simu mbili tofauti kabla ya kuondoka, maana mtandao msituni si wa kutegemea, na simu inayotafuta mtandao bila kuupata humaliza betri upesi. Iweke kwenye hali ya ndegeni. GPS itaendelea kufanya kazi.

Halafu giza. Upande wa kilima usioelekea machweo, chini ya paa la majani, mwanga wa kuona mzizi unaweza kwisha karibu saa nzima kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo panga saa ya kugeuka na uitangaze asubuhi mbele ya wote: ikifika saa fulani na hatujafika mahali fulani, tunachukua njia fupi. Ikitangazwa mapema, hakuna anayebishana nayo akiwa na hamu ya kumalizia mteremko wa mwisho. Na hata hivyo kila mtu abebe taa ya kichwani.

Njia fupi hizo zitafutwe kabla, si siku ya safari. Mzunguko mzuri wa kuongozea watu una mahali pa kutokea kila kilomita 5 au 6: barabara ya kutolea magogo, njia ya doria, popote gari linapoweza kufika. Andika viwianishi (namba za latitudo na longitudo) vya kila sehemu kwenye karatasi, kwa sababu mtu wa uokoaji hatajua maana ya "pale kwenye mti mkubwa". Kisha upite njia nzima mwenyewe si zaidi ya wiki mbili kabla. Miti huanguka, madaraja ya mbao huoza, vipande vya msitu hufungwa kwa ukataji au kwa wanyama kuzaa, na vibali vya mwaka jana si vya mwaka huu. Umbo la kijia usome kwenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu za kimo kimoja kwenye ramani: kinachoikata moja kwa moja kinateremka palepale yanapoteremka maji ya mvua, nawe utakikuta kimekuwa mfereji wa mawe. Wajenzi wa vijia wana kanuni ya nusu: mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima kinapopita. Ubavu ukiwa na asilimia 20, kijia kisizidi 10. Vijia vinavyofuata kanuni hiyo hukauka haraka baada ya mvua na huvumilia kundi. Visivyoifuata vikwepe msimu wa maji. Na matairi yakianza kuacha mifereji inayobaki, geuza kundi. Njia ikiharibiwa leo, itafungwa kwa kila mtu.

Maswali ya kuwauliza washiriki ni machache, lakini jibu la "naendesha vizuri tu" lisikubaliwe. Uliza ni lini mara ya mwisho mtu aliendesha saa tatu mfululizo nje ya lami. Uliza urefu na uzito, kwa sababu ya saizi ya fremu na upepo wa matairi. Uliza dawa anazotumia na kama nyuki humdhuru. Na kama baiskeli ni za kukodi, uliza breki ya mbele amezoea mkono upi. Uingereza desturi ni kulia. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni kushoto. Mtu aliyezoea upande mmoja akipewa baiskeli ya upande mwingine, akipata hofu mteremkoni atabana kwa nguvu ile aliyodhani ni ya nyuma, na atapita juu ya usukani. Kubadilisha upande ni kazi ya karakana, ifanywe siku moja kabla.

Asubuhi ya safari, kabla ya mti wa kwanza, tenga dakika 20 kwenye uwanja tambarare. Kila mtu asimame juu ya pedali zikiwa sawa, magoti na viwiko vimekunjwa kidogo, abane breki kwa kidole kimoja kila mkono, avuke gogo dogo la sentimita 10, ageuke ndani ya upana wa mita 3 bila kuweka mguu chini. Dakika hizo zitakuonyesha nani abaki kwenye njia rahisi. Kumwambia hapo ni heshima. Kumwambia kilomita ya 12, akiwa na goti linalotoka damu, ni kosa lako.

Upepo wa matairi ndio marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote, na hayagharimu kitu. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la upana wa inchi 2.4 lisilo na tyubu, anza na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 22 mbele na 25 nyuma, kisha ongeza au punguza moja moja. Tairi lililojaa kupita kiasi hurukaruka juu ya mizizi badala ya kuikumbatia. Likilegea mno, rimu hugonga jiwe na kupinda. Mwenye tyubu aongeze psi 4 hadi 6, la sivyo tyubu itabanwa kati ya rimu na mzizi na kupata matundu mawili yanayolingana. Majimaji ya kuziba ndani ya tairi la inchi 29 yawe mililita 80 hadi 100, na yakaguliwe kwa kutikisa gurudumu: usiposikia kitu, yamekauka. Hukauka ndani ya miezi michache, haraka zaidi penye joto, na tairi huonekana zima hadi mwiba wa kwanza.

Shokapu nazo zipimwe mtu akiwa amepanda na mkoba wake mgongoni: ya mbele ibonyee asilimia 20 hadi 25 ya urefu wake wa kucheza, ya nyuma 25 hadi 30.

Uharibifu wa msituni una tabia yake. Adui mkubwa ni kijiti. Hunaswa kwenye spoki, huzungushwa na gurudumu, kisha huvuta kihamisha gia cha nyuma hadi kishikizo chake cha alumini kinakatika. Kishikizo hicho kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi ili fremu ipone, lakini kila aina ya fremu ilikuwa na cha kwake, na hukipati njiani. Tangu 2019 SRAM, kampuni ya kutengeneza vipuri vya baiskeli, walipoleta kishikizo cha aina moja kwa fremu nyingi, hali imekuwa nafuu, ila bado zipo baiskeli nyingi za zamani. Kila mshiriki aje na cha akiba cha baiskeli yake. Na wafundishe wote jambo hili: ukisikia kelele ya kijiti, acha kukanyaga pedali papo hapo. Mzunguko mmoja zaidi ndio unaovunja. Kuna wanaosema kikivunjika ufupishe mnyororo na uendeshe kwa gia moja. Kwenye baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma, sawa. Yenye shokapu ya nyuma mara nyingi hukaza mnyororo kila inapobonyea, na mnyororo uliofupishwa mno hukatika au huharibu kingine. Hapo afadhali kutembea hadi njia fupi ya karibu.

Mkoba wa kiongozi uwe na pampu, tyubu mbili za inchi 29 (kwa dharura huingia pia kwenye gurudumu la inchi 27.5), vijiti vya kuzibia matundu makubwa, kipande kigumu cha kuwekea ndani ya tairi lililochanika ubavuni, spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6 pamoja na T25 (ya ncha ya nyota), kifaa cha kukatia mnyororo, vifungo vya plastiki na utepe mgumu wa gundi. Viungo vya haraka vya mnyororo vilingane na idadi ya gia nyuma. Cha gia 10 hakifai mnyororo wa 12. Pedi za breki za akiba pia: kwenye matope yenye mchanga, pedi laini za resini zinaweza kuisha ndani ya siku moja. Za metali hudumu zaidi, ingawa hupiga kelele zikilowa. Mtu akiteremka huku amebana breki kidogo muda wote, diski hupata moto na majimaji ya zamani huchemka, mkono wa breki ukazama hadi usukani. Msimamishe, diski ipoe yenyewe, asiiguse. Kisha mwambie abane kwa nguvu muda mfupi kabla ya kona na aachie.

Maji kwa kila mtu ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto la unyevu. Maji ya kijito yachemshwe dakika moja, dakika tatu juu ya mita 2,000.

Kundi lipangwe hivi: kiongozi mmoja mbele, mfunga msafara mmoja nyuma, na katikati watu wasiozidi wanane. Kwenye kila njia panda, mtu anayemfuata kiongozi husimama hapo kama alama, akionyesha njia hadi mfunga msafara afike. Kisha huingia mbele ya mfunga msafara, na kwenye njia panda inayofuata anasimama mwingine. Watu hubadilishana, hakuna anayeachwa, na kiongozi hana haja ya kurudi nyuma. Utaratibu huu huharibika kwa sababu moja tu: mtu wa alama kuchoka kusubiri na kuondoka. Waambie wazi kwamba hata ikipita dakika 20, habanduki. Kwenye mteremko kila mtu aache nafasi ya urefu wa baiskeli tano au zaidi, ili wa mbele akianguka wa nyuma awe na pa kusimama. Mizizi iliyolowa ivukwe kwa pembe mraba, breki zikiwa zimeachiwa. Vivyo hivyo madaraja ya mbao.

Mfupa unaovunjika sana kwenye michezo hii ni mtulinga, kwa hiyo kitambaa cha pembetatu cha kuning'iniza mkono kisikosekane. Aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, kutapika au kusahau kilichotokea haendeshi tena siku hiyo, hata akisihi. Helmeti iliyogonga haivaliwi tena. Kupe wakaguliwe jioni ileile, wang'olewe kwa kibano chembamba kwa kuvutwa wima, bila kupaka mafuta wala kuchoma.

Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kinahitaji anga wazi, kwa hiyo weka alama kwenye ramani penye uwanda au mgongo wa kilima ulio karibu na kila kipande cha njia. Na mtu aliyebaki nje ya msitu apewe karatasi ileile ya viwianishi, namba za uokoaji wa eneo hilo, majina ya waliokwenda, na saa kamili ya kuomba msaada asiposikia kitu. Kwa mzunguko huu wa saa 6 na robo, ningemwandikia saa kumi na moja jioni: karibu saa mbili baada ya muda wa kutoka, na bado kuna mwanga wa kuanza kututafuta.