Mstoiko aliyepauka

Jumanne nilimfokea mtoto kwa sababu ya bakuli la zabibu.

Alikuwa amezichambua mwenyewe kutoka kwenye tenga lililobaki barazani, akaniletea zile zenye afadhali. Nikamwambia aziondoe mbele yangu. Mama yake akachungulia kutoka jikoni. "Baba Neema, si ulisema huna shida?"

Kweli nilisema, tena wiki tatu mfululizo. Mnunuzi aliyeahidi kuja huku Hombolo mwanzoni mwa Septemba hakutokea, simu yake ikawa haipatikani, na zabibu za eka moja na nusu zikaanza kuozea mtini. Mtama ungeuweka ghalani ukasubiri bei. Zabibu ikishaiva kwa jua hili la Dodoma haimsubiri mtu. Kila aliyenipa pole nilimjibu kwamba mnunuzi yuko nje ya uwezo wangu, kwa hiyo hanisumbui. Mwaka huu nimekuwa nikimsoma Epictetus, yule aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa mwalimu wa Wastoiko, wanafalsafa wa kale waliofundisha mtu asisumbuliwe na kilicho nje ya uwezo wake, basi maneno nilikuwa nayo tele.

Wastoiko (ndio hao hao waliokutana na Paulo kule Athene, katika Matendo ya Mitume) nilidhani ni watu wa kukaza uso tu. Usiku ule wa bakuli, usingizi umekataa, nikarudi kusoma. Aulus Gellius, Mrumi wa karne ya 2, anasimulia safari ya meli kuelekea Brundisium, bandari ya Italia. Ndani alikuwemo mwalimu wa Kistoiko mwenye jina kubwa. Dhoruba ikawapiga, watu wakalia, na Gellius akawa anamvizia mzee yule aone atafanyaje. Hakulia. Lakini uso ulikuwa umepauka sawasawa na wa wengine! Bahari ilipotulia akamwendea kwa adabu akamuuliza. Mzee akatoa mkobani kitabu cha Epictetus, akamwonyesha: mshtuko huja kabla akili haijapata nafasi ya kusema neno, na hata mwenye hekima haukwepi. Akili ikishaamka ndipo anapoamua kama akubaliane na ule woga au la.

Nilipasoma mahali pale mara mbili. Mimi nilikuwa nimejitia mwenye hekima bila kupauka kwanza. Hasira niliyoapa kwamba haipo ningeihoji vipi? Ikajitafutia njia yake, ikamwangukia mtoto wa miaka saba.

Na salamu zetu nazo zinanilea vibaya. Hujambo? Sijambo. Yaani sina jambo, alfajiri, kabla hata sijajikagua. Kwa jirani sina ubaya nayo, njiani si mahali pa kumwaga mzigo. Ila mimi naibeba mpaka chumbani.

Marcus Aurelius, aliyetawala Roma toka mwaka 161 hadi 180, alikuwa akijiandikia mwenyewe, na kuna mahali anajisuta kwa uzito wa kutoka kitandani asubuhi. Kaisari mzima! Jana nikachukua daftari la hesabu za shamba, nyuma ya ukurasa wa dawa na vibarua, nikaandika: Nimekasirika. Nina hofu na ada ya Januari. Naona aibu kwa mwanangu.

Nikampa mke wangu asome. Alisoma taratibu, akaomba kalamu.

"Umesahau wivu," akasema. "Jirani yako ameuza zote."

Nikaandika na hilo.