Kiolezo cha Word: ukigusa kichwa kimoja vinabadilika vyote (nilivyotatua)

Dalili ilikuwa hii: mtu anakoleza kichwa kimoja cha ripoti, na vichwa vyote vya ngazi hiyo vinakolea navyo. Watu wote walianzia kiolezo kimoja (faili la mfano ambalo hati mpya hutokana nalo), lakini kila ripoti ilitoka na sura yake.

Kutuma kiolezo upya kwa barua pepe kulizidisha nakala tu. Kufunga hati kwa nywila kuliwafanya watu wanakili maandishi na kuyabandika kwenye hati tupu. Na Normal.dotm ya mtu, yaani kiolezo cha msingi cha Word yake, usiiguse kabisa; humo ndimo zimo makro (amri alizojiwekea) na mikato yake ya kibodi.

Kilichofaa: fungua faili lenyewe la kiolezo (.dotx) kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha Fungua. Ukilibofya mara mbili unapata hati mpya, na utahariri bure. Nenda kwenye mtindo wa Kichwa 1, chagua kuurekebisha, halafu tazama chini ya dirisha: kuna kisanduku cha kusasisha kiotomatiki. Ondoa tiki. Hicho ndicho kilichogeuza pambo la mtu mmoja kuwa sheria ya hati nzima. Rudia kwa Kichwa 2 na 3.

Kisha weka kiolezo kwenye folda ya pamoja ya kusomwa tu, na uielekeze Word huko kama folda ya violezo vya kikundi, kwenye mipangilio ya mahali pa faili. Normal.dotm inabaki ya mwenyewe.

Hati za zamani hazijirekebishi. Tiki imo ndani yake, uiondoe moja moja.