Matairi manne Kendwa

Mkienda Unguja jamani msiishie ufukweni tu. Mimi na washkaji tulivuka na boti kutoka Dar, tukaenda hadi Kendwa huko kaskazini tukachukua zile pikipiki za matairi manne, na nawaambia hiyo ndo sehemu ya safari niliyoipenda kuliko zote. Za kwetu hazikuwa na klachi, mafuta unasukuma kwa kidole gumba cha kulia, ukiachia inapunguza yenyewe. Kaka aliyetuongoza yuko mbele sisi tunafuata alama za matairi yake maana kule chini ni mawe ya matumbawe, makali balaa, ukitoka njiani tairi linachanika. Halafu vumbi! Bila miwani na mtandio usoni huoni kitu. Ila kilichonigusa zaidi, kila tukikaribia nyumba anainua mkono, wote tunapunguza mwendo, anasalimia wazee, kuku wanapita, watoto wanatupungia, watu wako shambani wanang'oa muhogo... nimependa sana ustaarabu ule, pale ni kwa watu siyo uwanja wa mashindano. Vaeni nguo za heshima basi, suruali ndefu na viatu vya kufunika, na chukueni zamu ya asubuhi kabla jua halijawa kali.