Nilivyomaliza mbio za matope Pugu baada ya kushindwa mara ya kwanza

Mwaka jana nilitoka kwenye hizi mbio nimepakiwa kwenye gari la huduma ya kwanza, mguu mmoja raba, mguu mwingine soksi tu, na nilipofika nyumbani Tabata nilijifungia bafuni nikalia kwelikweli. Mwaka huu mwezi wa tano nimezimaliza. Kilomita 8, vikwazo 18, masaa 2 na dakika 43, nimefika mwisho na raba zote mbili mguuni. Naandika nilivyofanya mana nilipokuwa natafuta mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili sikumpata.

Kwanza niseme nilishindwa wapi. Mimi kukimbia naweza, kila jumamosi alfajiri natoka na joging ya mtaani kwetu na kilomita 10 namaliza bila kusimama, kwaiyo nikajua kilomita 8 itakuwa mteremko. Sasa Pugu ndo kule kwenye kaolini, ule udongo mweupe wa mfinyanzi wanaotengenezea vyombo, na masika ikishapiga huo udongo juu unateleza kama mlenda halafu chini unanata. Dimbwi la pili tu nikazama mpaka gotini, nikavuta mguu kwa nguvu kwenda juu, mguu ukaja kiatu kikabaki. Nikapeleka mkono mpaka begani natafuta, wapi. Nikaendelea hivohivo na soksi, nikakanyaga kisiki, na kufika kwenye ukuta wa mbao wa kupanda mikono ikawa haina kitu kabisa, naning'inia sekunde mbili nadondoka, naning'inia nadondoka. Mtu wa huduma ya kwanza alivyoona damu akaniambia inatosha dada.

Kwenye joging yetu kuna kaka tunamwita Afande, sio afande wa kweli, alipita kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Ruvu kwa mujibu wa sheria alivyomaliza form six, ule utaratibu uliorudishwa mwaka 2013. Nilimfuata nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu, "Dada, ukining'inia kwenye tawi unakaa muda gani?" Sikuwa na jibu. Tukaenda kwenye mwembe wa jirani, akashika simu akahesabu, sekunde 9. Akasema basi hapo ndo pa kuanzia, achana na habari ya kuongeza mbio.

Nilijiandaa wiki 10. Kila siku jioni nikitoka kazini naning'inia kwenye ule mwembe mara tano, nikichoka napumzika narudia. Baada ya wiki tatu Afande akaniletea kitu ambacho kiukweli ndo kilinibadilisha mikono: unachukua kanga, unailowesha, unaikamua kidogo, unaitupia juu ya tawi halafu unashika ncha zote mbili unaning'inia nazo. Kanga mbichi inateleza, vidole inabidi vibane kweli, siku ya kwanza nililala mkono hauwezi hata kushika kikombe. Wiki ya nane nilikuwa nafika sekunde 50 kwa kanga iliyolowa. Kingine ni maji. Kwetu yanatoka kwa mgao, kwaiyo ndoo ya lita 20 nabeba kila siku, nikaacha kuweka kichwani nikawa naibeba kwa mkono, safari hii kulia safari ijayo kushoto, na hiyo ni kilo 20 yani. Jumapili Coco Beach, kukimbia kwenye mchanga mlaini na zile pushapu za kwenda chini halafu unaruka juu. Mbio zenyewe sikuziongeza hata kidogo.

Mume wangu mwanzoni alikuwa hanielewi, anaona ni mambo ya kuchafuana tu. Nikamwonyesha kwamba Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwenye pentathloni ya kisasa, ule mchezo wa mashindano matano kwa mpigo, wametoa kupanda farasi wakaweka vikwazo, ukuta, bomba za kuning'inia, vitu hivihivi. Na sio kitu cha jana, kule Uingereza karibu na Wolverhampton walianza mbio za Tough Guy mwaka 1987 shambani huko kwenye matope na baridi, halafu 2010 Marekani ikaja Tough Mudder, na hii kwa kawaida hawashindanii muda, wanataka watu wasaidiane. Hicho cha mwisho kilimwingia. Siku ya mbio ndo aliyenichemshia uji na viazi vitamu saa 10 usiku.

Siku yenyewe nilivaa jezi ya mpira, sio fulana ya pamba, mana pamba ikilowa inakuvuta chini. Mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye vidole vya miguu, kucha nimekata fupi. Raba nilinunua mtumba Karume, za meno marefu chini, nikafunga kamba mafundo mawili na juu nikazungushia tepu ya fundi umeme.

Dimbwi la pili lilikuwa palepale. Ndani yake kuna mama mtu mzima kanasa mpaka mapajani, kajifunga mtandio kichwani, ametulia tu anahema. Nikamwambia shikamoo mama, akaniitikia marahaba mwanangu, nimenasa. Nikamwelekeza alivyonifundisha Afande: usivute kwenda juu, ukivuta chini ya mguu panakuwa kama mdomo unaonyonya, chezesha kisigino kushoto kulia taratibu mpaka maji na hewa viingie, halafu lala kifudifudi uzito usambae, toa mguu kwa nyuma. Tukalala wote wawili kwenye tope, mashavu chini, tukatoka mguu mmoja mmoja. Ikasikika ile pwaa! kiatu chake kikaja nacho. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

Kuanzia hapo hatukuachana. Kumbe yule mama anauza samaki Feri, anabeba beseni tangu msichana, mikono yake nilivyoishika ni kama mbao. Kwenye ukuta alichuchumaa mgongo kwenye mbao, akafumbata viganja, akasema "Kanyaga hapa mwanangu, usiniogope." Nikakanyaga, nikashika ncha ya juu, na safari hii vidole vilikaa. Nikavuka tumbo kwanza, nikageuka nikampa mkono, mwingine akamsukuma kwa chini, akapita.

Kwenye bomba za kuning'inia nilidondoka. Bomba ya nne, maji yamejaa mikononi, chubwi. Unaruhusiwa kurudia, kwaiyo nikatoka pembeni chini ya mkorosho ambapo vumbi lilikuwa bado kavu, nikajipaka viganja vyote kama unga wa chapati nikarudi. Nikapita zote.

Kamba ilikuwa ya mwisho na juu kuna kengele. Hapa ukitumia mikono peke yake umekwisha. Kamba inapita nje ya mguu wa kulia, inaingia chini ya soli, halafu mguu wa kushoto unaiinua na kuikanyagia juu ya mguu wa kulia, imebanwa hapo katikati ya raba mbili. Unasimama kama kwenye ngazi, unasogeza mikono juu, unavuta magoti, unabana tena. Nilibana mara sita. Nilivyogonga ile kengele nilisikia mama kule chini anapiga vigelegele.

Baada ya hapo wengi wanakimbilia picha na supu, mimi naomba sana watu wakaoge kwanza. Maji ya madimbwi yanaweza kuwa na mkojo wa panya au wa mifugo na ndo njia ya homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022 ikaua watu watatu, wadudu wake wanaingia kwenye mchubuko. Nilikuwa nimefunika kovu la mguu kwa plasta kabla ya kuanza, sikumeza maji, nikaoga kwa sabuni palepale kwenye boza. Sindano ya pepopunda nilikuwa nimeshachoma. Dalili za homa ya mgunda mara nyingi zinakuja kati ya siku 5 na 14, homa, kichwa, misuli kuuma, kwaiyo nilijiangalia wiki mbili nzima, na misuli ya siku tatu za kwanza aisee iliuma kweli ila homa haikuja.

Yule mama tulipeana namba. Juzi kanipigia kaniambia jumapili atakuja Coco na wenzake wawili wa Feri, nikabebe ile kanga.