Nyenje sikioni

Nimetoka kwa daktari wa masikio sasa hivi, bado niko kituoni nasubiri daladala.

Miezi mitatu sikio la kushoto linalia. Nyiiiii. Kama nyenje kaingia humo akagoma kutoka. Mchana mashine ya kusaga inamfunika, usiku nikiweka kichwa kwenye mto ndipo anaanza. Nikawa nachokonoa kwa kijiti cha pamba.

Kumbe naishindilia nta ndani!

Daktari kamulika, kapuliza maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, mara kikadondoka kwenye kibakuli kitu cheusi, kigumu, sawa na punje ya harage.

Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Kalamu tu, jamani. Machozi yalinilengalenga.

Mlio umepungua, haujaisha. Anasema uliobaki huenda ni wa mashine, miaka 9 bila kuziba masikio, na unaweza usiishe kabisa. Nivae vizibo, usiku niwashe feni. Kanipima presha pia, akaniuliza kama nimemeza kwinini au aspirini nyingi, maana nazo huleta mlio.

Nani mwingine analala na nyenje wake? Mnafanyaje usiku?