Saa ya Magharibi Nyumbani Kwetu
Tulipohamia nyumba hii tulitenga kona moja ya sebule, upande wa kibla, iwe ya ibada tu, na hapo hamna ila misala, marufaa ya msahafu na chetezo. Mapambo ya aya ukutani sikuyataka, kwa kuwa aghalabu huliwa na vumbi bila kusomwa. Adhana ya magharibi inaposikika, televisheni huzimwa, simu huachwa kabatini, na mwanetu wa kiume mwenye miaka 9 ndiye anayekimu, yaani anayetoa wito wa kusimama kuanza swala. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya rakaa 3 za faradhi, mke wangu hufukiza udi, nasi husoma sura ya Yasini, aya zake 83, kwa kupokezana. Mtoto wetu mdogo husinzia kabla hatujafika nusu. Simwamshi, maana nami nilikuwa nikilala vivyo hivyo mapajani mwa bibi.